Kutia Chumvi Katika Maneno
Huulizwa: je, kutia chumvi ni uwongo? Na tutazame mfano. Mwaka 2016 watungaji wa mchezo wa kompyuta uitwao No Man's Sky waliuakhirisha kutoka Juni hadi Agosti. Baadhi ya waliokuwa wakiungoja wakawatishia kuwaua. Kabla ya hapo ulisifiwa kupita kiasi na watu wasiopata kuucheza. Ulipotoka, wengine wakauita wizi mtupu. Kisha watungaji wakautengeneza kwa miaka, na wengi wakaurudia.

Basi, ndugu msomaji, aliyeuita mchezo wenye kasoro "wizi", siku atakapoibiwa kweli atalia kwa neno gani? Sisi twaona mwenye kuzidisha maneno ni kama mwenye kupunja mizani: huliharibu soko zima, hata mkweli naye asisadikiwe.