Mlima Umeamua Lini?

Grupu letu la WhatsApp, la watu wa kijiji kimoja karibu na Karatina, lina watu 212. Wanaoandika siasa ni saba. Nimewahesabu. Kila asubuhi wanatangaza kwamba Mlima umeamua, na anayewapinga anaitwa msaliti.

Mwezi jana mwenzetu alikwama hospitalini kwa ajili ya bili. Orodha ya mchango ikazunguka, kila mtu akiongeza jina lake: hamsini, mia mbili, elfu moja. Kufikia jioni majina yalikuwa 130. Wengi sikuwa nimewahi kuona wakiandika lolote. Kumbe wako, wanasoma tu.

Basi wachache wanyamaze? La. Juni 2024 baadhi ya viongozi waliwadharau vijana waliopinga Mswada wa Fedha, eti ni kelele za mtandaoni. Vijana wakajaa barabarani, hata Nyeri na Nanyuki.

Lakini ukimya nao hauna mwenyewe. Katika uchaguzi wa 2022, karibu watu 35 katika kila 100 walioandikishwa nchini hawakupiga kura. Nani alitumwa awasemee?

Kosa la wale saba si kusema, ni kusema "sisi" bila kuuliza. Mtu akiandika "mimi naona hivi," tutabishana. Akiandika "Mlima," ameshanisemea.

Juzi niliandika: "Mimi bado sijaamua." Nikaitwa msaliti. Watatu waliniunga mkono, lakini kila mmoja kwa ujumbe wa pembeni.