Mashine Ikiuza na Kununua, Dhima ni ya Nani?



Ziko siku hizi programu za kompyuta ziuzazo na kununua hisa zenyewe, bila ya mkono wa mwenye mali. Wala si lazima tena mtu awe fundi wa kuzitunga. Yamtosha kuchagua masharti machache kwa kidole: bei ikishuka hapa, nunua. Ikifika pale, uza. Akisha, huenda zake kwenye shughuli nyengine.

Suali letu ni hili: ikitokea hasara, je, yafaa mtu huyo kusema, "Si mimi, ni mashine"?

Wako wasemao kuwa yafaa, kwani asiyejua hana lawama. Nasi twasema kutojua kuna namna mbili. Kutojua kuunda jahazi si aibu. Lakini mwenye shehena asiyejua chombo chaenda bandari gani, wala nahodha ameagizwa nini, huyo ameipuuza mali yake.

Hata mafundi wenyewe yamewafika. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilikuwa imetia programu mpya katika mashine zake; moja kati ya nane ikasahauliwa, ikabaki na maagizo ya zamani. Soko la New York lilipofunguliwa, mashine ile ilinunua na kuuza mambo yasiyokusudiwa na mtu, na kwa muda wa dakika 45 hivi zikapotea zaidi ya dola milioni 400. Na kabla ya soko kufunguliwa, wafanyakazi walikuwa wamepelekewa barua 97 na kompyuta zao za kutaja kosa, wasizishughulikie. Mwaka 2013 tume ya serikali isimamiayo masoko iliitoza kampuni dola milioni 12. Aliyetozwa ni mwenye mashine.

Basi asiyekuwa fundi na ajiulize mambo matatu kabla ya kuiwasha. Je, naweza kuyaeleza masharti niliyoyachagua kwa maneno yangu mwenyewe? Je, nimeweka mpaka wa hasara? Je, najua kuisimamisha? Akishindwa kujibu hata moja, fedha zake na zibaki mkononi mwake.

Wakala mwanadamu huulizwa, akajibu. Mashine haina dhima. Faida ikija, mtu huiita yake. Basi na hasara ni yake, hata ikimfika hali amelala.