Ni Nani Juha?

Ni machache maneno yaliyo mepesi midomoni mwetu kama neno "juha". Mtoto aangushapo kikombe huitwa juha, mgeni asiyejua bei ya sokoni huitwa juha, na mwanafunzi aulizapo jambo mara ya pili huambiwa, "Kaa chini, juha wee!" na wenziwe wakacheka. Twapenda leo kulipima neno hili, tujue twasema nini.

Asili yake ni jina la mtu. Juha ni mtu wa visa vya Waarabu, na Ibn al-Nadim wa Baghdad, katika karne ya 10, alikitaja kitabu cha visa vyake katika Fihrist yake. Waturuki husimulia visa kama hivyo juu ya Nasreddin Hoca. Kwetu jina hilo limekuwa tusi.

Na tusi hili moja twawatupia watu watatu walio mbalimbali. Wa kwanza hajui, kwa kuwa hakufunzwa. Wa pili akili yake ni dhaifu, wala hakujiumba. Wa tatu ajua haki na batili, kisha hufuata matamanio ya nafsi yake. Wa kwanza hustahili kufunzwa, wa pili kuhurumiwa, na wa tatu ndiye wa kulaumiwa. Yako wapi basi insafu, kuwapiga wote kwa fimbo moja? Na ajabu kubwa zaidi ni kuwa huyo wa tatu, akiwa na mali, twamwita "bwana mkubwa", na fimbo ikamwangukia mtoto.

Mwanafunzi aliyechekwa leo hatauliza kesho. Atanyamaza, na kutojua kwake kulikokuwa kwa siku moja kutakuwa kwa umri mzima. Ni nani aliyemfanya juha, kama si yule aliyemwita? Na Qurani (49:11) imekwisha kutukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya.

Husimuliwa kuwa Juha alikuwa na punda kumi. Alimpanda mmoja, akawahesabu, akaona tisa. Akashuka, akaona kumi. Akapanda tena, wakawa tisa. Mwisho akaona ni heri aende kwa miguu kuliko kupotewa na punda. Sisi twamcheka. Lakini tuwahesabupo majuha wa mji, je, nafsi zetu tumezitia katika hesabu?