Je, Kukata Rufaa ni Kumvunjia Mwalimu Heshima?

Ni desturi njema ya watu wetu kumheshimu mwalimu. Mzazi ampelekapo mtoto shuleni humkabidhi kwa walimu ili wamlee pamoja naye. Kwa sababu hiyo, barua ya kumfukuza mtoto ifikapo nyumbani, wazazi wengi huinamisha vichwa na kunyamaza. Husema: mwalimu amekwisha sema, sisi ni nani hata tumpinge? Yatupasa kulipima neno hili kwa makini, kwani limebeba maisha ya mtoto.

Tuchukue mfano. Tuseme baba mmoja ni mkata mkonge katika shamba mojawapo la Korogwe, na binti yake yupo kidato cha tatu. Siku moja binti anarudi na barua isemayo kwamba ameiba bwenini, naye asema hakuulizwa lolote. Baba akinyamaza, matokeo ni nini? Ikiwa binti hana hatia, amedhulumiwa, na mwizi wa kweli angali bwenini. Na ikiwa anayo hatia, bado hakufunzwa, kwani adhabu isiyotanguliwa na maelezo humfundisha mtoto kuogopa tu, haimfundishi kutubu. Basi katika hali zote mbili kunyamaza hakukumfaa mtoto, wala hakukuifaa shule.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilimvua mwanachuoni Richard Bentley shahada zake bila kumpa nafasi ya kujitetea. Shauri likafika katika mahakama ya Mfalme, na mwaka 1723 majaji waliamua kwamba arudishiwe. Mmoja wao, Jaji Fortescue, alikumbusha kwamba hata Mwenyezi Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumwuliza. Tafakari, ewe msomaji! Yeye ajuaye siri zote hakuwa na haja ya kuuliza, lakini aliuliza. Je, mwanadamu asiyejua hata yaliyomo nyuma ya ukuta anawezaje kuacha kuuliza?

Sheria za Tanzania nazo zimeshika njia hiyo hiyo. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, iliyomo katika haki za msingi zilizoingizwa mwaka 1984, yampa kila mtu fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu haki yake inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, pamoja na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Kwa hiyo mzazi akataye rufaa hatumii ujanja, bali anapita katika mlango uliowekwa na nchi yenyewe.

Tena maneno ya kanuni huwa mapana. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 zilitaja utovu wa nidhamu wa makusudi na wa kurudiarudia, makosa ya jinai na ya maadili, na kufunga ndoa. Mimba haikutajwa, lakini kwa miaka mingi wasichana wenye mimba walifukuzwa kwa kuihesabu kuwa kosa la maadili. Mwaka 2019 mashirika ya haki yalipeleka lalamiko mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana hao waweza kurudi shuleni, na mwaka 2022 Kamati hiyo iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Lau kila mtu angalinyamaza kwa jina la heshima, nani angaliwasemea?

Huenda msomaji akasema: samaki mkunje angali mbichi, rufaa zikizidi, nidhamu itakufa. Jawabu ni kwamba rufaa haiondoi adhabu, bali huipima. Uamuzi wa haki ukipimwa husimama imara zaidi, na mwalimu mwadilifu hana cha kuogopa. Wengine husema: mtoto atachukiwa. Hofu hiyo ina sababu, na ndiyo maana rufaa yapasa kuandikwa kwa adabu, bila matusi wala kumshitaki mwalimu sokoni.

Basi mzazi afanyeje? Kwanza, aombe uamuzi kwa maandishi: kosa gani, siku gani, kwa kanuni ipi, na nani aliyeamua. Pili, amketishe mtoto faraghani amsikilize bila fimbo mkononi, aujue ukweli wote hata ukiwa mchungu. Tatu, amwandikie mkuu wa shule na bodi ya shule, au kamati ikiwa ni shule ya msingi, akiomba mtoto asikilizwe, na abaki na nakala. Nne, asiporidhika, apande ngazi: afisa elimu wa halmashauri, kisha wa mkoa kule Tanga, kisha Kamishna wa Elimu. Wa Korogwe wakumbuke kwamba wanazo halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Barua ikienda kusikohusika siku hupotea bure. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mwisho kabisa ipo Mahakama Kuu, ambako ombi la ruhusa ya mapitio yapasa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi.

Kwamba mahakama husikiliza, tumeona kwa jirani zetu. Januari 2019 binti mmoja wa imani ya Rastafari alirudishwa nyumbani na shule ya sekondari jijini Nairobi kwa ajili ya nywele zake. Baba yake alikwenda mahakamani, na Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba haki za binti zilivunjwa. Si lazima kuikubali imani ya baba yule ili kuona kwamba alitimiza wajibu wa baba.

Lakini haki hii ina sharti lake, nalo ni ukweli. Kupeleka mbuzi kwa mwalimu si rufaa, ni rushwa. Kumfundisha mtoto uongo ili ashinde ni kumfukuza katika shule iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza. Mzazi akigundua kwamba mwanawe ana hatia, aseme hivyo waziwazi, kisha aombe adhabu ilingane na kosa. Rufaa ya kweli haisemi, “Mwanangu hakosei.” Yasema, “Msikilizeni kwanza, kisha hukumuni.”

Asemaye hivyo kwa mwalimu amemheshimu, kwa kuwa amemdhania kuwa mtu wa haki. Mwenyezi Mungu atujalie kuwa wasikivu kabla ya kuwa mahakimu. Amin.