Ni wa Nani Watu Hawa?



Mto Ruvu hutoka milima ya Uluguru, hupita nchi ya Kibaha na Kisarawe, huingia baharini karibu na Bagamoyo. Katika karne ya 19 watu wa nchi hizi na za jirani, Wazaramo, Wazigua, Wayao na Wamakua, walipakiwa majahazini, wengine kwa nguvu, wengine kwa hila wakati wa njaa, wakauzwa Somalia. Waliotoroka walijificha katika misitu ya mto Juba, wakalima. Miaka zaidi ya mia ikapita, na baadhi yao wangali wakisema Kizigua nyumbani mwao.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakulima hao hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwatetea. Ghala zao ziliporwa. Maelfu wakakimbilia Kenya, katika makambi ya Dadaab. Wengine wakaja kwetu kwa njia ya bahari, wakawekwa Mkuyu, wilaya ya Handeni, katika nchi ile ile ya babu zao.

Wengi wa wale wa Dadaab walitamani nao kurudi kwa asili yao. Tanzania iliombwa, haikuweza. Tusihukumu upesi: mwezi wa Aprili 1994 Wanyarwanda wapata 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja tu. Msumbiji nayo iliombwa, mwisho ikakataa. Ndipo mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwapokea wapata 12,000, na wa kwanza wakasafiri mwaka 2003. Hesabu basi miaka: ni 12 tangu vita vianze!

Je, dunia iliwachukia? Hata kidogo. Iliona tu kwamba si watu wake. Wasomali waliwaita wageni kutoka kusini. Huku kusini tuliwaita Wasomali. Vivyo hivyo mwaka 1937 Stalin aliwahamisha kwa gari moshi Wakorea zaidi ya 170,000 waliokaa mashariki ya Urusi, akawatupa Kazakhstan na Uzbekistan, na mataifa yakanyamaza. Kwa Warusi walikuwa Wakorea. Korea yenyewe ilikuwa chini ya Wajapani. Nani angewadai?

Yule kuhani wa mfano wa Bwana wetu, aliyempita majeruhi njiani, huenda alikuwa na udhuru mwema. (Sisi mapadre hatupendi sana kulihubiri jambo hili.) Lakini Injili haikuutaja udhuru wake, yataja tu kwamba alimwona, akapita upande wa pili.

Wale wa Mkuyu walihamishiwa Chogo, huko huko Handeni, wakapewa mashamba, na Serikali yetu ikaanza kuwapa uraia. Jambo hilo lastahili sifa kuliko ililopata. Lakini je, ninyi jamaa za Ruvu, ni wangapi kati yenu mliowahi kusikia jina la Chogo? Kwa basi ni safari ya siku moja.