Maadili Binafsi na Kazi ya Ustawi wa Mtoto

Anayefanya kazi na watoto na familia, awe mwalimu, muuguzi au afisa ustawi wa jamii, huingia kazini na imani, malezi na mila za kwao. Swali la kimaadili ni kiasi gani mambo hayo yaongoze uamuzi wake juu ya mtoto wa mwenzake.

Historia ya mji wa Bagamoyo, Tanzania, inalionyesha swali hili pande zote mbili. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni mjini humo. Waliwakomboa watoto watumwa kwa kuwalipia, wakawalea, wakawafundisha kusoma, kulima na ufundi. Imani ndiyo iliyowatuma kutenda wema huo. Imani hiyohiyo ndiyo iliyomchagulia mtoto dini na kazi, na alipokua ikamweka katika kijiji cha Kikristo chini ya uangalizi wa mapadre. Huruma yao ilikuwa ya kweli, lakini nafasi ya mtoto kuamua ilikuwa finyu.

Mvutano huo ungalipo. Kwa Wakwere na Wazaramo, ambao kwa asili hufuata ukoo wa mama, mjomba ana kauli nzito. Afisa aliyelelewa mahali ambapo baba ndiye msemaji wa pekee anaweza kumpuuza mjomba ambaye angempokea mtoto. Tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania inaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Hata hivyo, mwalimu anayewahesabu kuwa aibu anaweza kumwandikisha binti leo na kumfukuza kesho kwa maneno yake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na inampa haki ya kutoa maoni yake. Haiwezi, hata hivyo, kueleza maslahi hayo ni yapi katika kila nyumba. Pengo hilo hujazwa na maadili ya mhudumu. Kujifanya hana maadili si dawa, kwani yasiyotambuliwa huamua kwa siri. Wajibu wake ni kuyatambua, kumsikiliza mtoto na wazazi, kushauriana na wenzake na kuandika sababu za uamuzi.

Huruma, uadilifu na heshima ni nguvu ya kazi hii, na mhudumu asiziache mlangoni. Kinachopaswa kuzuiwa ni kutaka kila nyumba ifanane na ya kwake. Uamuzi wa haki ni ule ambao sababu zake zinaweza kuelezwa waziwazi kwa familia ya dini au mila nyingine, zikitaja faida ya mtoto na si matakwa ya mhudumu.