Uzee wa Mzazi ni wa Nani?

"Kwani hawa hawana wajukuu?"

Hilo ndilo swali ninalolisikia Ngara kila wanapopita wale wazungu wawili wazee, mume na mke, beji nyeusi kifuani na mfuko wa sukuma mkononi. Huulizwa na mama mboga, huulizwa na soja wa geti, tena kwa sauti, kwa kuamini kwamba wenyewe hawasikii Kiswahili. Linachekesha, lakini si umbea tu. Ndani yake kuna msimamo mzima wa maadili: kwamba uzee wa mtu una wenyewe, na wenyewe hao ni watoto na wajukuu zake. Mzee anayeupeleka kwingine amechukua cha watu.

Mimi nadhani msimamo huo haujakaa sawa, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza jibu: wajukuu wanao, tena wengi. Hawa ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile ambalo wengi wetu tunaliita la Wamormoni, na ambalo lilifungua hekalu lake la kwanza Kenya hapa Nairobi mwezi wa Mei 2025. Wanandoa wa aina hii kwa kawaida huja wakishastaafu. Huomba wenyewe. Hujaza fomu, hupimwa na daktari, hutaja muda wanaoweza kutoa, kati ya miezi 6 na 23, na huruhusiwa hata kusema ni kazi gani na ni wapi wangependelea. Mshahara hakuna. Gharama zao hujilipia kutoka kwa pensheni na akiba. Muda ukiisha, wanafunga mizigo na kurudi kwao.

Ukisikia misheni unafikiria watu wa kugonga milango. Hiyo ni kazi ya wale vijana wa mashati meupe ambao bila shaka umewaona wakitembea wawili wawili juani. Kazi ya wazee ni ya kawaida sana. Hawa wawili huja Ngara kukagua nyumba wanazopanga vijana hao: mtungi wa gesi unavuja? Maji ya kunywa yanachujwa? Nani tumbo linamsumbua na amenyamaza? Siku nyingine ni faili na risiti ofisini, au kumsindikiza kijana kliniki, au kuketi na mtu anayesomea kozi mtandaoni na hesabu zimemshinda. Jumapili kuna ibada ya saa mbili. Saa tatu usiku ndio wakati wa kuwapigia wajukuu, kwa sababu Utah iko nyuma yetu kwa saa tisa au kumi kulingana na msimu, na huko ndio mchana unakaribia.

Kuna jambo la lugha hapa lililonifanya nifikirie zaidi. Katika Kiswahili cha kanisa hilo, mmisionari mwanamume huitwa Mzee, hata akiwa na miaka 18 na ndevu bado hazijaota. Mmisionari mwanamke huitwa Dada, hata akiwa na miaka 70. Mtaani kwetu mambo ni kinyume. Kijana wa miaka 18 ukimwita mzee unamtania, na mama wa miaka 70 hakuna atakayemwita dada. Ataitwa shosho, kisha ataletewa kiti.

Shosho ni jina la heshima, sikatai. Lakini ni jina linalomtambulisha mtu kwa wajukuu wake. Hata asiyekuwa na mjukuu hupewa. Ukishaitwa shosho, kila mtu anajua siku yako inatakiwa kwenda wapi.

Sasa panda nami ngazi hadi orofa ya nne ya jengo moja hapa Ngara, lisilo na lifti. Anaishi humo mama aliyetoka Kangema miaka mitatu iliyopita. Alikuja kukaa wiki mbili. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa pili na akamwomba aje amshike mkono hadi apate nguvu. Wiki mbili zikawa mwezi, kwa sababu dada wa kazi alikuwa ameondoka. Mwezi ukawa muhula, kwa sababu karo ilikuwa imebana na kuajiri dada mwingine ingekuwa gharama. Baada ya hapo hakuna aliyehesabu tena. Kule Kangema aliacha majani chai yake, kuku, chama, na Woman's Guild ya PCEA iliyokuwa ikikutana kila Alhamisi. Ngara anajua njia mbili: ya dukani na ya nursery. Halalamiki. Siku moja tu aliniuliza kama mvua imenyesha Kangema, akiamini kwamba mtu mwenye simu kubwa kama yangu lazima ajue.

Mweke mama huyu kando ya yule Dada wa Utah. Umri wao unakaribiana. Wote wako mbali na kwao. Wote huamka mapema kuhangaikia watoto wa kizazi kingine, wote hawalipwi, na wote, ukiwauliza, watakuambia ni Mungu aliyewapa nguvu. Kama kutumikia ni kutoa muda wako kwa ajili ya wengine, sioni mmoja akimpita mwenzake. Pengine shosho ndiye anayetoa zaidi. Tofauti ni kwamba mmoja aliulizwa, na ana barua yenye tarehe ya kurudi nyumbani. Wa pili hana barua, hana tarehe, na hakuna fomu aliyowahi kujaza.

Hata dada wa kazi ambaye nafasi yake aliichukua alikuwa na haki ambazo shosho hana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka. Mama mzazi hana hata Alhamisi.

Najua utasema nini. Utasema familia si ajira. Mapenzi hayajaziwi fomu, na siku tutakapoanza kuwekeana mikataba na mama zetu, tutakuwa tumepotea. Utasema pia kwamba kulea wajukuu ndiyo furaha ya mzee, na kwamba wale wa Utah ndio wa kuhurumiwa, wajukuu wao wanakulia kwenye skrini.

Kuna ukweli hapo. Yapo mambo mazuri ambayo hayatokei ila mtu asiyehesabu saa awe karibu: kujifunza Kikuyu bila kufundishwa, kujua babu alikuwa mtu wa aina gani. Wale wa Utah wanayakosa, na sidhani simu ya saa tatu usiku inayarudisha. Lakini hoja ya mapenzi ina tatizo moja. Tunaitumia kumwelezea anayetoa, na tunasahau kumpima nayo anayepokea. Mama anampenda binti yake, ndiyo maana hakusema lolote wiki mbili zilipopita. Na binti? Mapenzi yake kwa mama yangeonekana wapi, kama si katika kumuuliza: mama, ungetaka kukaa hadi lini? Kunyamaza kwa mtu anayekupenda si ruhusa. Mara nyingi ni yeye kukuondolea aibu ya kuomba.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni pesa. Uhuru wa wale wawili umelipiwa. Wana pensheni na bima. Mzee wa Kenya aliyetimiza miaka 70 na kusajiliwa kwenye Inua Jamii hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa 2,000 huwezi kujitolea popote. Hata Kangema kwenyewe utahitaji mtoto akutumie kitu kwa M-Pesa. Na mtoto anayekutumia kitu, hata asiposema, ana neno. Kwa hivyo ni rahisi kwa mtu mwenye akiba kuonekana mkarimu, na yule asiye nayo akaonekana yuko tu nyumbani na wajukuu. Wanaosoma Biblia wanakikumbuka kisa cha mjane na sarafu zake mbili: zawadi yake ilipimwa kwa kile alichobaki nacho. Kwa kipimo hicho shosho wa orofa ya nne ameshinda. Lakini yule mjane alikwenda mwenyewe hadi kwenye sanduku la sadaka. Umaskini wake haukumpa mtu mwingine ruhusa ya kuingiza mkono mfukoni mwake na kumtolea.

Ya tatu ni historia, na kwa kizazi chetu haiwezi kurukwa. Neno mmisionari halitui vizuri masikioni mwetu. Kanisa hili hasa halikuwaruhusu wanaume weusi kupata ukuhani hadi Juni 1978. Piga hesabu: mzungu wa miaka 70 anayekagua mtungi wa gesi Ngara leo alikuwa mtu mzima siku sheria hiyo ilipoondolewa. Anayetoka huko kuja kutuhudumia anastahili kuulizwa maswali, na wema wake wa sasa haufuti swali. Lakini njia hii nayo haijawa ya upande mmoja. Joseph Sitati wa Bungoma, aliyebatizwa mwaka 1986 pamoja na familia yake, aliongoza misheni Calabar, Nigeria, akiwa na mkewe Gladys, na mwaka 2009 akaitwa kuwa mmoja wa viongozi wakuu wa kanisa hilo duniani. Mtu mzima wa Kenya naye anaweza kuinuka na kusema: nimelea, sasa naenda.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hao wageni wana jembe, na watapimwa kwa kazi yao. Ninachouliza mimi ni kuhusu mzazi. Yeye tulimpa jembe tangu siku ya kwanza, na tukasahau kwamba alikuwa amekuja kama mgeni.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inataja haki za wazee: kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza kibinafsi, kuishi kwa heshima, na kutunzwa na familia na serikali. Sisi hukumbuka hiyo ya mwisho, ya kutunzwa, na hata hiyo tumeigeuza, maana anayetunza ni mzee. Ile ya kujiendeleza tunaisoma kana kwamba iliandikwa kwa makosa. Mtu wa miaka 68 ajiendeleze aende wapi? Basi labda aende Guild. Labda ajifunze kuogelea. Labda, kama wale wawili, aende mji asioujua akakague mitungi ya gesi ya watoto wa wenyewe. Labda pia akae papo hapo orofa ya nne, kwa sababu ndicho anachokitaka kuliko vyote. Hilo nalo ni jibu, mradi limetoka kinywani mwake.

Sisemi tuwarudishe wazazi wote ushago kesho. Najua kodi za nyumba, najua saa tunazotoka kazini, na najua kwamba bila shosho nyumba nyingi hapa Ngara zingesimama. Ndiyo maana tunaogopa kuuliza: jibu linaweza kuwa hapana, na hatuna mpango mwingine. Lakini kama nyumba yangu inasimama kwa sababu mtu fulani haulizwi, basi deni ni langu, na litabaki langu hata nikiliita baraka.

Kwa hivyo tuulize, tukae tusikilize, na tukubaliane tarehe, hata kama itasogezwa. Na mama akisema anataka kuwa Kangema Alhamisi hii kwa sababu Guild inakutana, tumtafutie nauli.